Amiba, Maji ya Kunywa na Vidonge vya Flagyl

Mazungumzo ya afya kwa wakaaji wa kambi, Nyamyumba, Gisenyi



Leo tutazungumza habari za mdudu asiyeonekana kwa macho. Wengi wenu mnamwita amibe, kama wanavyosema Goma na Gisenyi. Kwa Kiswahili cha vitabuni ni amiba. Kila mtu anamjua kwa jina, na shida inaanzia hapo. Mtu akiumwa tumbo husema, "Ni amibe tu." Anakwenda sokoni, ananunua vidonge vinne vya Flagyl, anameza viwili, viwili anampa mtoto. Baada ya siku chache wote wawili wanaharisha tena.

Kwanza tuelewe jinsi anavyotufikia. Amiba aliye tumboni ni laini, na akitoka nje hivyo hivyo hufa upesi. Lakini wengine, kabla ya kutoka, hujifunga ndani ya ganda gumu. Akiwa katika ganda hilo anaweza kukaa siku nyingi, hata majuma, ndani ya maji au udongo wenye unyevu. Ganda hutoka na kinyesi cha mtu mmoja na kuingia kinywani mwa mwingine kwa maji, mboga mbichi, nzi au vidole. Katika watu kumi wenye amiba, karibu tisa hawasikii ugonjwa wowote, nao wanaweza kuwaambukiza wengine kila siku bila kujua. Kwa hiyo tusipoteze wakati kutafuta ni familia gani "imeleta" ugonjwa.

Amiba ana mwenzake anayeitwa jiadia. Huyu haleti damu. Mtoto mwenye jiadia hujaa gesi, tumbo huvimba, kinyesi chake hunuka sana, huwa na mafuta na huelea juu ya maji. Anakula lakini anakonda. Akina mama, mtoto wa namna hiyo msimngoje mpaka ahare damu. Mleteni zahanati.

Sasa maji. Maji ya bomba yanatiwa klorini, na watu wengine wanatumia Sûr'Eau nyumbani. Endeleeni. Dawa hiyo inaua kipindupindu na vijidudu vingi, na anayewaambia muiache kwa sababu ya harufu anawapoteza. Lakini lazima tuseme ukweli wote: kwa kipimo cha kawaida, klorini hailishindi vizuri ganda la amiba. Kitambaa nacho huzuia takataka tu, ganda hupita. Kinacholiua kwa hakika ni moto.

Hapa Nyamyumba tuna chemchemi za maji ya moto kando ya ziwa, na watu wengi huenda kuoga huko wakitafuta nafuu ya maumivu ya mwili. Kuoga si kosa. Lakini tumesikia watu wakisema kwamba maji hayo "yamekwisha kuchemka chini ya ardhi", kwa hiyo yanafaa kunywewa. Hapana. Pale unapochota wewe yamekwisha kupoa na kuchanganyika na maji ya watu wanaooga. Na maji ya Ziwa Kivu, hata yakionekana safi kama kioo, usiyanywe kabla ya kuyachemsha.

Kuchemsha ni hivi. Funika sufuria. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, yaache dakika moja, kisha toa. Ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na hapo dakika moja inatosha. Wanaokaa juu zaidi, kwenye vilima vinavyopita mita 2,000, waache dakika tatu. Hakuna haja ya kuyatokosa nusu saa na kumaliza kuni. Tunajua kuni ni shida. Hatutawaambia mchemshe maji ya kufulia. Na kama moto unatosha sufuria moja tu kwa siku, hiyo iwe ya watoto walio chini ya miaka mitano na ya wagonjwa. Maji yapoe ndani ya sufuria ile ile, au yamiminwe katika jerikani iliyooshwa yenye kifuniko. Tumeona maji yaliyochemshwa vizuri yakichotwa kwa kikombe na mkono wa mtoto aliyetoka chooni. Kazi yote imepotea.

Kuhusu choo mmekwisha kusikia mengi, tutataja moja tu. Kinyesi cha mtoto mchanga kina hatari sawa na cha mtu mzima. Kitieni chooni, kisha nawa mikono kwa sabuni. Sabuni ikikosekana, tumia jivu.

Tuje kwenye damu. Si kila kuhara damu ni amiba. Wazee wanakumbuka Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu walipovuka kutoka Gisenyi kwenda Goma. Kwanza kilikuja kipindupindu, kisha kuhara damu. Mawe ya volkano yalizuia kuchimba vyoo, na katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Ile damu haikutokana na amiba. Ilikuwa macinya inayoletwa na bakteria aitwaye Shigela, tena wa aina iliyokwisha kuzoea dawa nyingi. Flagyl haimwui Shigela hata kidogo. Anayehara damu akimeza Flagyl za sokoni na kulala nyumbani, huenda anatibu ugonjwa asio nao, na ule alio nao unaendelea. Mtoto anaweza kufa kwa sababu hiyo. Anayehara damu aje siku ile ile.

Wakati wa kuja, na hata njiani, mpeni maji ya chumvi na sukari: pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana, tieni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha.

Mganga akiona kwamba ni amiba au jiadia, atakupa Flagyl au dawa ya jamii yake kwa hesabu ya siku. Maliza siku zote, hata tumbo likitulia siku ya pili. Mdomo utakuwa na ladha ya chuma na mkojo unaweza kuwa mweusi kidogo. Hiyo si sumu. Usinywe bia wala urwagwa mpaka siku tatu zipite baada ya kidonge cha mwisho. Ukinywa unaweza kutapika vibaya. Mama mja mzito aseme kabla ya kupewa. Pengine utapewa dawa ya pili, ya kuondoa yale maganda yaliyobaki matumboni. Usimpe jirani. Na kama una homa pamoja na maumivu chini ya mbavu za kulia, mwambie mganga, hata kama huharishi: amiba anaweza kuingia katika ini na kufanya usaha, na wanaopatwa zaidi ni wanaume watu wazima.

Wengi wanaona haya kuleta choo cha kupimwa. Wengine wanakileta cha jana jioni. Amiba aliye hai huonekana katika choo kibichi tu, kwa hiyo njoo ujisaidie hapa hapa zahanati, au ukifikishe katika nusu saa. Weka kidogo tu, kama ncha ya kidole, katika chombo kikavu chenye kifuniko. Kisichanganyike na mkojo wala maji. Ukiona sehemu yenye damu au kamasi, chukua hiyo.