Uzoefu Hujengwa
(Maneno kwa wanafunzi, Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Mimi ni mtumishi wa ofisini, na barua za kuomba kazi ninazozipokea ni nyingi kuliko viti tulivyo navyo. Kwa hiyo leo nasema juu ya kuchomelea vyuma. Asiyechaguliwa kuendelea na kidato cha tano asidhani mlango umefungwa.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ya pili ni karakana ya mtaani. Ujuzi uliopatikana huko nao VETA huupima na kuutambua.

Ukipokewa karakanani, anza na kupima na kukata. Pembe iliyokosewa haiponywi na moto. Geti litagoma kufunga. Kisha jizoeze kuunga vipande vya chuma chakavu. Gonga ganda, utazame: mshono ulio sawa ndio cheti chako cha kwanza.

Macho yasifanyiwe mzaha. Miwani ya jua haitoshi. Mwanga ule huunguza jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, wewe umekwisha lala. Fundi asiyekupa kioo cha kuchomelea, muage kwa heshima.

Nasi tunaojenga nyumba, madirisha yetu tuwape vijana hawa. Wasipopewa kazi ya kwanza, uzoefu watautoa wapi?