Mzigo Umepita, Mpagazi Amebaki



Mada niliyopewa ni biashara huria na haki za binadamu. Wengine wangeanzia Geneva. Mimi naanzia Ujiji, chini ya miembe ya njia ya misafara. Pembe za ndovu zilivuka ziwa kutoka Manyema, watu wakatwikwa, safari ikashika njia ya Tabora hadi Bagamoyo. Kati ya waliozibeba wamo waliolipwa ujira, na wamo waliouzwa pamoja nazo. Wamanyema wa Ujiji hawahitaji mtoa mada kuwasimulia hayo.

Februari 1885 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Berlin. Ibara ya 1 inalitaja ziwa letu kwa jina: biashara iwe huru katika bonde la Kongo, Tanganyika ikiwemo. Ibara ya 6 iliahidi kuwahifadhi wenyeji na kusaidia kukomesha utumwa. Zisomeni pamoja. Mfanyabiashara alipewa kitu cha kudai forodhani. Mwenyeji hakupewa hata mlango wa kubisha. Ng'ambo huko Mfalme Leopold akaiita nchi ya watu Dola Huru ya Kongo, watu wakakatwa mikono kwa ajili ya mpira. (Na hiyo biashara huria yenyewe hakuiheshimu; mpira na pembe alivihodhi.)

Mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji eneo bandarini hapa Kigoma, mizigo ya Kongo ikapita bila ushuru hadi Dar es Salaam. Mzigo tena.

Tuje kwetu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Mama mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Ni jambo jema. Lakini nendeni Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1996. Kwa kanuni za Jumuiya, mawese ya Uvira yana njia ya kufika sokoni Kasulu. Kijana wa Kikongo aliyezaliwa kambini, ambaye Uvira anaisikia kwa wazazi wake tu, anahitaji kibali kufika soko hilohilo. Ndivyo Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inavyotaka.

Serikali ina hoja ya usalama, nami siidharau. Mkoa huu umepokea watu wanaokimbia vita vya majirani tangu 1972 na kabla yake. Ila masoko ya pamoja ya kambini yalipofungwa mwaka 2019, mwanakijiji wa jirani naye alipoteza mteja wa ndizi zake.

Pendekezo langu ni dogo: kibali cha siku ya gulio, kitolewe hapo hapo kambini, kiwe na muda wa kurudi, na anayenyimwa aelezwe sababu kwa maandishi. Cheti cha mzigo tayari tunacho. Naomba mjadala uanze na hiki cha mtu.