Kengele ya Kusoma
(Maneno yaliyotolewa mbele ya walimu, makatekista na wazazi katika siku kuu ya Jubile)



Mmeniomba niseme juu ya masomo yetu katika Jubile hii. Ningeweza kuwahesabia majengo na madawati, au kuwasimulia jinsi Serikali ilivyotwaa shule za misheni mwishoni mwa mwaka wa 1974, na jinsi mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 yalivyozirudisha mikononi mwa Makanisa. Habari hizo wazee wetu wanazijua kunishinda. Mimi nitasema jambo moja tu: watoto wetu wanakaa darasani miaka mingi, na wengi wao hawajui kusoma.

Hapa wengine watanikasirikia. Mzazi atasema: «Mwalimu, mtoto wangu ananisomea kitabu chake kila jioni.» Ni kweli, anakisema. Lakini funika picha kwa mkono wako, weka kidole juu ya neno lililo katikati ya ukurasa, umwulize ni neno gani. Mara nyingi utaona anarudi mwanzo wa mstari na kuimba yote tena mpaka afike penye kidole. Mtoto huyo ameshika wimbo. Herufi bado hazijamwambia kitu.

Nami sina haki ya kuwalaumu wengine. Nilifundisha darasa la tano miaka mingi. Siku moja bibi mmoja mjane alinijia na karatasi ya shamba mkononi. Alikuwa ameitia kidole gumba baada ya mjukuu wake, mwanafunzi wangu, kumsomea kwamba shamba limekodishwa kwa majira mawili. Karatasi ilisema limeuzwa. Tena iliandikwa kwa Kiswahili, wala si kwa Kifaransa. Mtoto hakukusudia kumdanganya bibi yake: alisoma maneno machache aliyoyajua, mengine akayakisia, kwa sababu aliona haya kusema hawezi. Na mimi nilikuwa nimempa alama 60 kwa 100 katika lugha! Ninyi wa Masisi mnajua shamba ni nini, na machozi yaliyomwagika kwa ajili ya mipaka. Sina haja ya kuongeza.

Kosa liko wapi? Tumezoea kuona kwamba herufi ni kazi ya mwalimu wa darasa la kwanza peke yake. Huyo, tangu Septemba 2019 masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa bure, ana darasa lililojaa mpaka mlangoni. Akishindwa, mwalimu wa darasa la pili anadhani kazi imekwisha fanywa. Kisha kinakuja Kifaransa, na mtoto ambaye hajashika vema ba, be, bi anakutana na neno kama «eau», ambalo herufi zake tatu zinatoa sauti moja. Tokea hapo ananyamaza mpaka mtihani wa darasa la sita. Ongezeni safari za kukimbia vita, ambazo mwaka wa 2025 zilizidi tena: mtoto ameandikwa darasa la nne, lakini miezi aliyokaa darasani haifiki miaka miwili.

Basi ninaleta neno hili. Kila siku kengele moja ilie, na shule nzima isome: mkubwa wa shule, walimu wote na wanafunzi wote, kwa muda wa saa moja. Katika saa hiyo hakuna darasa la kwanza wala la sita. Kila mtoto anakwenda katika kikundi cha uwezo wake: cha herufi, cha silabi na maneno, cha mistari, au cha hadithi. Shirika la Pratham, lililoanza Mumbai katika inchi ya India miaka ya 1990, limefuata njia hiyo, na inchi kadhaa za Afrika zimeiiga. Kengele lazima iwe moja kwa sababu rahisi: mtoto wa darasa la tano hatapata mwalimu wa silabi ikiwa mwalimu huyo, wakati uleule, anafundisha hesabu. Mwalimu mmoja akikataa, kazi ya wote inavunjika.

Ninajua ugumu wake ni haya. Kijana wa miaka 13 hapendi kuketi na wadogo. Kwa hiyo wakubwa wapewe kikundi chao cha silabi, na maneno ya kikubwa: bei za soko, barua, karatasi ya shamba.

Mtaniuliza: vitabu viko wapi? Tunazo karatasi za mifuko ya sementi, na makaa ya kuandikia. Tuna masomo ya Misa ya Dominika. Tena tuna wazee. Mwaka wa 1956, kwa Wanyanga wa Walikale, mzee Candi Rureke aliimba na kusimulia habari za Mwindo kwa siku 12, nayo ikaandikwa kwa mkono. Mwaka wa 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa kuwa kitabu, kikachapwa Marekani. Watu wa ng'ambo wamekisoma. Ni watoto wangapi wa Walikale waliopata kukishika? Kazi ya namna hiyo tunaiweza hapa: mzee aseme, mwanafunzi wa darasa la sita aandike, mdogo asome kesho yake. Kiwe Kihunde, Kinyanga, Kitembo, Kinyarwanda au Kiswahili, iwe lugha anayoielewa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatupa ruhusa. Na wazazi wanaokitamani Kifaransa wasihofu. Aliyejua kusoma kwa lugha moja hafundishwi kusoma mara ya pili, anafundishwa maneno mapya.

Kengele itaanza Jumatatu ijayo, saa mbili na nusu ya asubuhi. Makatekista wawili wamekubali kushika vikundi vya herufi. Wazazi, tunawaomba mifuko mitupu ya sementi, ile isiyoloa, na kila juma mzee mmoja mwenye hadithi. Na mama au bibi asiyejua kusoma, akitaka kuketi katika kikundi cha herufi, nafasi iko.