Mkojo Hueleza Habari za Figo

Somo letu la leo ni fupi, lakini ni la maisha. Linawahusu watu wenye ugonjwa wa sukari, yaani kisukari. Kama wewe huna ugonjwa huo, huenda mama yako anao, au jirani yako. Basi soma, kisha umsomee.

Figo ni mbili. Ziko nyuma, chini ya mbavu, na kila moja ni kama ngumi ya mtu mzima. Kazi yake ni kuchuja damu. Hebu fikiri juu ya chujio la chai. Chai hupita, majani hubaki. Chujio likitoboka, utayaona majani ndani ya kikombe. Ndivyo ilivyo figo. Uchafu wa damu hupita na kutoka kwa mkojo, lakini vitu vyenye faida huzuiwa visipotee. Kimoja cha vitu hivyo ni albumini, nayo ni aina ya protini iliyomo katika damu.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa midogo ya figo. Hapo chujio hutoboka, na albumini huanza kuvuja katika mkojo. Je, mgonjwa atasikia maumivu? La, hasikii. Anachunga ng'ombe, analima, anakwenda mnadani kama kawaida. Miguu ikianza kuvimba, mara nyingi figo zimekwisha kuharibika sana.

Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Walipimwa watu wazima 369 wenye kisukari waliokuwa wakihudhuria kliniki. Kati yao, 309 walionekana wana ugonjwa wa figo. Je, wangapi walikuwa wakijua? Hata mmoja hakujua.

Sasa tutazame vipimo. Kipimo cha kwanza ni kijiti kinachochovywa katika mkojo na kubadilika rangi. Ni rahisi, nacho kinafaa, lakini huonyesha albumini ikiwa imekwisha kuwa nyingi. Uvujaji mdogo wa mwanzo hukipita. Kwa hiyo kiko kipimo cha pili, ambacho hulinganisha albumini na kreatinini. Kreatinini ni uchafu wa misuli unaotoka kwa mkojo kila siku. Kwa nini vilinganishwe? Kwa sababu mtu aliyekunywa maji mengi mkojo wake ni mwepesi, na aliyeshinda na kiu mkojo wake ni mzito. Ulinganisho huo huondoa udanganyifu.

Hesabu yake ni hii. Albumini chini ya miligramu 30 kwa kila gramu moja ya kreatinini ni hali njema. Kuanzia 30 mpaka 300, figo zinaonya. Ikizidi 300, madhara ni makubwa. Lakini usiogope kwa kipimo kimoja. Homa, kazi nzito, au ugonjwa wa njia ya mkojo huweza kupandisha hesabu. Hupimwa tena katika miezi michache ijayo, na mkojo wa asubuhi ndio bora.

Uvujaji ukigunduliwa mapema, figo huweza kulindwa. Sukari ishushwe, presha ishushwe, chumvi ipunguzwe. Ziko dawa za presha ambazo pia huzilinda figo. Daktari ndiye huzichagua, na mama mjamzito amwambie hali yake kwanza. Tena, usijinunulie dawa za maumivu kama diklofenaki na kuzimeza kila siku, maana huziumiza figo.

Mnakumbuka mwaka 2011, katika wilaya yetu ya Ngorongoro, maelfu ya watu walivyofika Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Wengi walitumaini kupona kisukari. Sisemi haya ili kumcheka mtu, maana mgonjwa hutafuta uzima popote. Nasema hivi: unaweza kunywa dawa ya hospitali au supu ya mizizi, ukajisikia una nguvu. Lakini kujisikia si kupima. Usiache dawa zako kwa sababu hujisikii mgonjwa.

Basi, mwenye kisukari aende zahanati au Hospitali ya Wasso, aseme hivi: “Nina kisukari. Naomba mkojo wangu upimwe albumini.” Aseme hivyo kila mwaka, hata akiwa mzima wa kutembea. Kama kipimo cha pili hakipo hapo, aulize kinapatikana wapi.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Figo zinafananaje na chujio la chai?
2. Kwa nini mgonjwa asingoje maumivu?
3. Kipimo cha pili kinakishinda kijiti kwa jambo gani?
4. Ni nani nyumbani kwako utakayemsomea somo hili leo?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.