Kupanda Stroberi Ndani ya Nyumba
(Hotuba kwa wakazi wa Majengo, Nairobi)



Mtaa wetu wa Majengo ulianza katika miaka ya 1920, na nyumba zimesongamana hata mahali pa kulima hapaonekani. Lakini asiye na shamba aweza kuwa na debe, na asiye na uwanja aweza kuwa na dirisha. Leo nataka kuwaeleza jinsi ya kupanda stroberi chumbani.

Tunda hili si la asili ya kwetu. Lilipatikana Ufaransa katika karne ya 18, miche ya aina mbili kutoka Amerika, ya Virginia na ya Chile, ilipochanganyika bustanini. Hupenda baridi kidogo, nayo Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, yalifaa.

Kwanza, chombo. Twaeni debe lenye kina cha sentimita 20 au zaidi, mlitoboe chini ili maji yasituame, maana mizizi ikikaa majini huoza. Msitumie kamwe chombo kilichotiwa rangi au dawa ya wadudu. Jazeni udongo mwepesi wenye samadi iliyooza kabisa. Moyo wa mche, pale yachipukapo majani, uwe sawa na uso wa udongo. Ukizikwa utaoza, ukiinuliwa mno mizizi itakauka.

Pili, jua. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Stroberi yataka jua saa sita au zaidi kila siku. Kwa kuwa Nairobi i karibu na Ikweta, dirisha la kaskazini hupata jua mwezi wa Juni na kulikosa Desemba, na la kusini ni kinyume chake. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima. Adhuhuri debe litolewe uani. Asiyeweza kupata jua hilo asipoteze fedha zake kwa miche.

Tatu, maua. Chumbani hamna nyuki, basi pitisheni unyoya laini wa kuku katikati ya kila ua ili unga wake uenee. Pasipo hivyo tunda hutoka kombo. Baada ya mwezi mmoja hivi litaiva.

Nne, nalo ndilo kubwa, maji. Stroberi huliwa mbichi, na mara nyingi mtoto ndiye wa kwanza kuonja. Maji ya mitaro na ya Mto Nairobi hubeba uchafu wa jiji, na uchafu huo huleta kuhara na kipindupindu. Tumieni maji safi ya bomba. Kwa kuwa maji ni ghali, yaliyooshea mchele nayo yafaa, lakini yamwagwe udongoni, si juu ya matunda. Tieni kidole kwanza. Udongo ukiwa na unyevu, ngojeni.

Debe moja halitamtajirisha mtu. Lakini mche hutoa vikonyo virefu vitambaavyo. Kilazeni kimoja katika kopo la udongo, kitashika mizizi. Hivyo aliyeanza na mche mmoja aweza kumpa jirani yake wa pili bila kununua.