Kidonda cha Sikio la Paka Mweupe
Paka mweupe mwenye kidonda sikioni kisichopona, kinachotoka magamba na damu kila anapojikuna, huenda hakupigana na paka wenzake. Jua kali huweza kuleta saratani ya ngozi kwenye ncha za masikio, pua na kope, palipo na manyoya machache.

Ili kujua kama ni saratani, daktari wa mifugo hukata kipande kidogo cha kidonda na kukipeleka maabara.

Kusubiri majibu kunaumiza, na anayemlilia paka wake asichekwe. Siku hizo akipige picha kidonda, aangalie paka anavyokula, na amweke ndani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, jua linapokuwa kali. Panadol ya kutuliza maumivu asimpe kabisa. Hata kidonge kimoja huweza kumuua.

Saratani ikigunduliwa mapema, sehemu iliyoathirika hukatwa, na paka wengi hupona.