Mwalimu Alichunguze Darasa Lake

Tuulizane: mtoto wa Mbamba Bay akisoma qaf kama kaf mwezi mzima, kwa nini achapwe yeye, na ufundishaji wetu usihojiwe?

Mwaka 1946 mwanasaikolojia Kurt Lewin, akiwa Marekani, aliandika juu ya utafiti tendaji: mtu apange, atende, apime matokeo, kisha apange upya. Wamatengo wa Mbinga hawalioni hilo geni. Mashimo yao ya ngoro, yazuiayo mvua isichukue udongo mlimani, hawakuletewa na ofisi yoyote.

Basi tushike daftari. Wiki ya kwanza tuandike wangapi wanakosea, na katika neno gani. Kisha tubadilishe jambo moja tu: wasome wawiliwawili, wakisikilizana "qalb", yaani moyo, na "kalb", yaani mbwa. Tukibadilisha matatu kwa pamoja, hatutajua lipi limesaidia. Wiki ya nne tuhesabu tena, na asikilize mwalimu mwingine, kwani sikio la mwenye darasa lina huruma mno. Idadi isipopungua, tujaribu njia nyingine kwa mwezi unaofuata, na fimbo ikae ilipo.